Saa yangu ya kifahari iliingia maji, na hivi ndivyo ilivyookolewa

Ukungu ukionekana chini ya kioo cha saa, usingoje kesho. Saa yangu ni ya Uswisi, ya kujitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono, na mgongoni imeandikwa meta 100, yaani kiwango chake cha kuzuia maji. Nilitoka nayo baharini, na jioni kioo kikawa kimelowa kwa ndani. Chanzo kilikuwa kipete cha mpira kilicho kwenye kitufe cha pembeni: kilikuwa kimekauka na kupasuka. Ile namba ya meta ni ya saa ikiwa mpya. Mipira huchakaa hata kama saa inalala kabatini, ndiyo maana inafaa kupimwa presha kila mwaka.

Kituo cha kampuni iliyoitengeneza kilinijibu kwa adabu, lakini saa ingepokelewa, iwekwe kwenye foleni, ifunguliwe zamu yake ikifika. Niliomba waifungue tu na kuikausha. Wakakataa.

Fundi wa kujitegemea niliyempata baadaye aliniuliza jambo moja tu: ni maji ya chumvi au maji baridi? Kusikia chumvi, aliweka kando kazi aliyokuwa nayo. Alifungua mfuniko wa nyuma papo hapo, akatoa mashine ya ndani inayoendesha saa, akang'oa mishale na uso wa saa, akaanza kusuuza vipuri na kuvikausha. Chini ya lenzi alinionyesha kutu changa kwenye kijiti cha chuma kinachoshika kile kitufe, pale pale maji yalipopitia. Siku moja zaidi, kutu ingefika kwenye skrubu na springi, na hapo ungekuwa unazungumzia kununua nusu ya mashine.

Haraka yake iliishia hapo, na kwa hilo namheshimu zaidi. Nilikuwa na harusi ya ndugu na niliitaka saa mkononi. Alikataa katakata kunipa. Maji huharibu mafuta ya ndani, kwa hiyo alifungua kila kipande, akakiosha kwenye mashine ya mawimbi ya sauti, akatia mafuta upya, akabadilisha kijiti na mipira yote. Kisha akaiacha itembee huku akiipima ikiwa imelala, imesimama na imegeuzwa. Anayeahidi kumaliza yote hayo wakati unasubiri kwenye kiti, mimi singemwachia saa yangu.

Sasa inakwenda mbele kama sekunde nne kwa siku. Kipimo cha COSC, taasisi ya Uswisi inayothibitisha usahihi wa saa, huruhusu kuchelewa sekunde 4 hadi kuwahi sekunde 6, kwa hiyo sina neno.

Yaliyonikera: gharama ilipanda baada ya kuifungua, nami nikajua nilipopiga simu mwenyewe. Angenitaarifu mapema. Pia kuna doa hafifu usoni karibu na namba sita. Alinishauri nisibadilishe uso, kwa kuwa uso wa asili hulinda thamani ya saa, na nimekubaliana naye.

Kuhusu kukausha saa kwa mchele au mashine ya kukaushia nywele, msijaribu. Mchele haufikii maji yaliyofungiwa ndani, na joto hugeuza matone kuwa mvuke unaotambaa hadi kwenye mashine ya saa. Ifuteni saa, msiitie ufunguo, mpelekeeni fundi atakayekubali kuifungua leo.

Fundi wangu nampa nyota nne kati ya tano. Ile moja ni ya simu ambayo hakunipigia.