Kadi za zamani za besiboli: anza na zipi, acha zipi

Huku Marekani, Jumamosi watu wakitoa vitu vyao nje kuviuza, hukosi boksi la kadi za 1987 za kampuni ya Topps, zile zenye picha za wachezaji. Mimi ndizo nilizoanza nazo: dola 40, boksi halijafunguliwa, muuzaji akiniapia kuwa ni akiba ya wajukuu. Fremu zake zimechorwa kama mbao, zinapendeza. Tatizo ni kwamba kuanzia katikati ya miaka ya 1980 viwanda vilichapa bila breki, na kila mtu alizitunza akingoja utajiri. Zimejaa mpaka leo. Hizo nazipa nafasi ya mwisho kabisa.

Ya kwanza nawapa Topps za 1971 hadi 1975, za wachezaji wa kawaida ambao hata mashabiki wengi wamewasahau. Nyingi hazifiki dola 3. Seti ya 1975 ina kadi 660, fremu zake zinawaka rangi mbilimbili, na ukijaza albamu pole pole mfuko haulii. Za 1971 zina fremu nyeusi, na hapo fungua macho. Weusi ule hubanduka kwenye kona, weupe ukaonekana, na wajanja huuziba kwa kalamu ya wino mzito. Igeuze kadi uitazame unene wake. Karatasi ya ndani haitakiwi kuwa nyeusi. Ukiona wino umenywewa mle, irudishe mezani.

Ya pili ni nyota aliyechakaa, yaani kadi yake. Willie Mays au Hank Aaron wa miaka ya 1960, mwenye mkunjo na kona zilizolika, huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya kadi safi, na bado ni Mays. Doa la bigijii mgongoni lisikutishe sana, maana kadi zilifungwa pamoja nayo. Ila za 1952 zina mtego. Mickey Mantle wa mwaka huo aliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022, basi nakala za kuiga ni nyingi, na Topps wenyewe waliichapa upya seti hiyo 1983. Chukua rula: ya asili ina upana wa inchi 2 na 5/8, ya 1983 ni 2 na nusu.

Ya tatu ni T206, vikadi vya pakiti za sigara vya 1909 hadi 1911. Honus Wagner, ambaye kadi yake humo ni adimu na ghali kupindukia, msahau. Wa kawaida, hata aliyechoka, ni makumi ya dola, kwa hiyo nunua mmoja wa kujifurahisha.

Zilizokwisha kupimwa hali yake na kampuni ya PSA na kufungiwa kwenye plastiki nazipa nafasi ya nne. Kwa kadi ya dola 2, ada ya kupima inaizidi kadi yenyewe.

Na bei anayoitaja muuzaji usiiandike popote. Ingia eBay, chagua zilizokwisha kuuzwa tu, tafuta yenye kona kama za hiyo uliyoshika, ndipo uanze kuvutana naye.