Nilivyompeleka mjomba kwa Murumbi

Miaka mingi nimepita hapo kwa matatu, Uhuru Highway inapokutana na Kenyatta Avenue, nikidhani lile jengo la mawe lililojikunyata kando ya Nyayo House ni ofisi ya serikali iliyosahauliwa. Kumbe ndiyo Nairobi Gallery. Ijumaa iliyopita nikaingia, tena na mjomba aliyekuja mjini kwa shughuli zake.

Alisimama mlangoni akaniuliza, "Hapa si kwa PC?"

Ni kwa PC kweli, yaani mkuu wa mkoa, au palikuwa. Jengo ni la 1913, na enzi za ukoloni vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa humo, hadi Wazungu wakalitungia jina la utani kwa mambo hayo matatu. Mjomba anakumbuka kupiga foleni nje akiwa kijana, barua mkononi, kofia kwapani. Ukumbi wa katikati una pembe nane na kuba juu, na yeye alitumia dakika kumi nzima kuangalia juu tu. Alipoambiwa kwamba umbali wa kwenda sehemu nyingine za Kenya hupimwa kuanzia hapo, alicheka: "Kwa hivyo hata kilomita za kwetu zinaanzia kwa PC!"

Lakini tulichofuata ni mkusanyo wa Joseph Murumbi. Baba yake Mgoa, mama yake Mmaasai. Alikuwa waziri wa mambo ya nje, kisha mwaka 1966 akawa makamu wa rais wa Kenya, wa pili kushika cheo hicho, akakaa miezi michache tu, akajiuzulu. Wengi tunamjua kwa hilo, basi. Humo ndani unakutana na mtu mwingine kabisa: mnunuzi wa vitu. Vitambaa, mapambo, vinyago, picha za wachoraji wa Kiafrika, samani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage, duka na ukumbi wa sanaa hapa Nairobi.

Mimi napenda kwamba vyumba ni vidogo. Hauchoki. Unakuwa kama mgeni aliyeachwa sebuleni mwenyeji akienda kuleta chai, nawe unainuka kukagua vitu vyake. Nyumba yake halisi ilikuwa Muthaiga. Aliiuzia serikali pamoja na mkusanyo wake, akitarajia iwe taasisi ya masomo ya Kiafrika. Ilibomolewa. Nilipomweleza mjomba hayo alisonya, akahamia picha nyingine bila kusema neno.

Kosa langu: nilifika simu ikiwa na asilimia nne, na tiketi nilikuwa nalipia kwa simu. Mjomba alinikomboa kwa yake, na hajaacha kunikumbusha.

Ukitoka, usiende nyumbani. Shika Kenyatta Avenue kwa miguu mpaka Moi Avenue, kama robo saa hivi, uingie Nyaraka za Taifa, lile jengo lililokuwa benki zamani. Ghorofa ya chini ni Murumbi Gallery, na ndiko kwenye wingi wenyewe: silaha, ala za muziki, vigoda, vinyago kutoka kila upande wa Afrika, vimesongamana kama bidhaa za soko la Gikomba. Vitabu vyake adimu, maelfu, navyo vilikabidhiwa hapo. Nenda siku ya kazi, asubuhi. Kwa mwenye haraka ningesema aanzie huku, ingawa kwa utulivu kule kwa PC kunashinda.

Mjomba alisimama mbele ya kigoda kimoja cha miguu mitatu, katikati pamebonyea na kung'aa kwa kukaliwa. Akainama, mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa kugusa, akakizunguka mara mbili.

"Cha babu yako kilikuwa hivi hivi," akasema. "Tulikichoma kuni mwaka ule wa mvua nyingi."

Tukatoka kutafuta chai.