Haidrokotizoni au prednisoloni?

Tezi za juu ya figo zisipotoa kotizoli (homoni ya kuupa mwili nguvu na kuhimili maradhi) ya kutosha, vidonge ni vya kila siku. Haidrokotizoni ndiyo kotizoli yenyewe: mtu mzima hutumia miligramu 15 hadi 25 kwa siku, lakini huisha mwilini mapema, hivyo kidonge kimoja ukiamka, kingine mchana, pengine na cha alasiri. Ukisahau cha mchana, jioni hata ngazi zinakushinda. Prednisoloni, dawa ya kazi hiyo hiyo ila hudumu zaidi mwilini, miligramu 3 hadi 5 kwa siku, wengi humeza asubuhi tu. Ni nafuu na haiadimiki madukani. Ila ikizidi kidogo kwa miaka, mifupa huumia. Kwa mtoto anayekua ningeshikilia haidrokotizoni. Dereva wa masafa marefu, prednisoloni itamfaa. Kwa zote, homa ikipanda dozi huongezwa, na ukitapika, wahi sindano ya haidrokotizoni.