Data za bure za rada za NEXRAD kwa kufundishia: nyota 4 kati ya 5 kutoka Mwanza

Walimu wenzangu wa jiografia na hali ya hewa huku Kanda ya Ziwa, hizi data nazitumia darasani na nazipenda sana, ngoja niwaeleze. NEXRAD ni mtandao wa rada za hali ya hewa kama 160 hivi za Marekani, na tangu 2015 data zake ghafi ziko wazi kwenye hifadhi ya Amazon, hulipi, hujisajili, unachukua faili lako unaondoka. Za zamani zinaanzia 1991 na za sasa hivi zinaingia dakika chache tu baada ya rada kumaliza kuzunguka.

Hiyo ya sasa hivi ndo mali yenyewe. Kipindi chetu cha saa nne asubuhi, Oklahoma ni saa nane usiku, na mwezi wa tano na wa sita kule kwenye nyanda zao ngurumo nyingi zinapiga usiku, kwa hiyo tunafungua rada ya KTLX, ile ya Oklahoma City, kwenye projekta, wanafunzi wanabishana mstari wa mvua utasogea hadi wapi, faili jipya linaingia na ubishi unaisha palepale. Jibu hakuna aliyekuwa nalo, mwalimu wala mwanafunzi. Picha ya kitabuni haikupi hiyo kitu hata ufanyeje.

Na kule wenyewe hawakuanza hivi. Zamani data ghafi zilirekodiwa kwenye kanda za sumaku hukohuko kwenye rada halafu kanda zinasafirishwa kwenda kuhifadhiwa, mtafiti akae asubiri. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Oklahoma na washirika wake wakaanza mradi wa CRAFT, wakazituma data za rada 6 moja kwa moja kwa intaneti, baadaye ikaenea nchi nzima. Yaani vyuo vilikuwemo tangu mwanzo, havikuwa vinasubiri mabaki.

Kusoma mafaili natumia Py-ART, programu ya Python ya kuchora data za rada, nayo ni bure, ila kuiweka kwenye laptop inakula bando na mvua ikiwa kubwa faili moja tu linaweza kupita MB 10, kwa hiyo pakua usiku mapema uwagawie kwa flashi, live bakiza moja. Maelezo yote ni Kiingereza. Na saa kwenye jina la faili ni UTC, ongeza 3 upate ya kwetu.

Nyota moja niliyoipunguza ni kwa sababu ya ziwa. Ngurumo za Oklahoma siyo za Victoria. Kwetu usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, pepo zinatoka pande zote kuelekea ziwani, zinakutana, hewa inapanda, na dhoruba inakomaa usiku mpaka alfajiri, saa zilezile wavuvi wa dagaa wa Ukerewe na Igombe wako majini na taa zao. Hicho ndo mwanafunzi wa Mwanza anatakiwa akione kikizaliwa kwenye skrini, na TMA, mamlaka yetu ya hali ya hewa, ina rada hapahapa Mwanza, tena ya kisasa inayopima matone kwa mlalo na kwa wima. Mlisho wa data zake wa namna hii kwa vyuo vya kanda, hata ukichelewa nusu saa, ungebadilisha kabisa kazi za utafiti za mwaka wa mwisho. Tena ungechanganywa na wa majirani, maana mwale wa rada hata ukilazwa nusu digrii, ukifika kilomita 200 uko kama kilomita 4 juu, kwa hiyo upande wa Entebbe ukiwa Mwanza huwezi kuona kinachoendelea chini karibu na maji.

Kwa anayeanza, achana na Oklahoma kwanza. Chukua rada ya KTBW ya Tampa, Florida, mchana wowote wa mwezi wa saba kwenye data za zamani, upepo wa bahari unaonekana ukiingia nchi kavu na mvua zinaota mbele yake, ukishaelewa pale ya ziwani kwetu hayakupi shida kueleza.