Karai la Kutafutia Dhahabu Kijitoni: Lipi la Kununua Kwanza

Ukiingia dukani kutafuta vifaa vya kusafishia mchanga wa kijito, utaonyeshwa seti zenye makarai matatu, chupa, vibano, lenzi na chekeche. Nakusihi uanze na karai moja zuri. Kazi yote inategemea uzito: dhahabu ni nzito kuliko maji mara 19, ilhali mchanga wa kawaida wa kwazi (jiwe la quartz) haufiki hata mara 3. Ukitikisa karai likiwa majini, dhahabu huzama na mchanga mwepesi hubaki juu ukachukuliwa na maji. Karai zuri basi huiachia dhahabu itulie chini, na jicho likaiona.

Nafasi ya kwanza inakwenda kwa karai la plastiki la inchi 14, yaani kama sentimita 35, lenye matuta upande mmoja wa ukuta wake. Kwa anayeanza sioni la kulishinda. Mkono mgeni humwaga maji kwa pupa, na matuta hayo huzuia chembe zisitoroke na mchanga. Kabla hujalipa, pitisha kidole juu yake: kingo ziwe kali na zilizosimama wima, maana tuta la mviringo hupitisha kila kitu. Kisha shika ukingo wa karai pande mbili ulipinde kidogo. Likilegea mikononi likiwa tupu, likijaa changarawe litakuwa la taabu.

Rangi nayo si pambo. Karai jeusi huonyesha vizuri chembe ya njano, lakini mchanga mweusi, ule wa madini ya chuma unaobaki mwishoni pamoja na dhahabu, hupotea ndani yake na hujui umebakiza kiasi gani. Kijani cha kukolea huonyesha vyote viwili, na ndicho ninachokipendelea. Jambo jingine linaloipa plastiki ushindi ni sumaku: unaipitisha chini ya karai na kuusogeza kando mchanga mweusi bila kugusa dhahabu.

Karai jipya la plastiki huwa na mafuta ya kiwandani. Mafuta hayo hufanya chembe laini zielee juu ya maji na kuondoka ukizitazama. Lioshe kwa sabuni ya vyombo, kisha lisugue kwa mchanga mpaka mng'ao uishe. Usiliweke karibu na moto hata mara moja.

La pili ni la chuma. Hudumu miaka mingi, halivunjiki likigonga mwamba, na unaweza kukaushia mchanga wako wa mwisho juu ya moto. Lakini hushika kutu, sumaku huling'ang'ania lenyewe, na mengi hayana matuta, kwa hiyo huhitaji mkono uliokwisha kuzoea. Likiwa jipya lichome motoni mpaka mafuta yaishe na rangi igeuke bluu iliyoiva, ndipo dhahabu itaonekana juu yake. Kwa mtu mwenye subira ni chombo cha heshima.

Ya tatu ni batea, chombo chenye umbo la pia ya kuchezea kilichozoeleka sana Amerika Kusini. Haina kitako bapa. Huzungushwa na dhahabu hujikusanya katikati kabisa. Mikononi mwa mjuzi husafisha changarawe nyingi kwa haraka, ila inahitaji maji yenye kina na mzunguko sahihi. Iache kwanza.

Karai dogo la inchi 10 linafaa kwa watoto na kwa kumalizia mchanga wa mwisho, hivyo liwe la pili kununuliwa. Kubwa la inchi 16 likijaa changarawe hubeba kama kilo 10, na hizo utazitikisa umechuchumaa. Viwiko vyako vitachoka kabla ya saa ya pili. La shaba usinunue: zamani lilitumiwa pamoja na zebaki, na zebaki ni sumu kwako na kwa kila anayeyatumia maji ya kijito hicho.

Pesa ikibaki, chukua chekeche lenye matundu ya milimita 6 hivi, maana kokoto zikishaondolewa, kutikisa karai huwa kwepesi na dhahabu huzama upesi. Ongeza chupa laini ya kufyonzea chembe, na sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki ili mchanga usigande juu yake. Uliza pia nani ana haki ya madini ya sehemu hiyo, kwani hata kijito kisicho na uzio kinaweza kuwa na mwenyewe.

Ukishalipata karai, lijaribu kabla ya kwenda mtoni. Chukua vipande 10 vidogo vya madini ya risasi, uvigonge viwe bapa, uvichanganye na mchanga, kisha usafishe juu ya beseni. Risasi ni nyepesi kuliko dhahabu, ikiwa mara 11 tu ya maji, kwa hiyo jaribio hili ni gumu kidogo kuliko kazi yenyewe. Vikibaki vyote 10, chukua vipande vidogo zaidi. Vikipungua, tafuta vilivyoanguka ndani ya beseni, punguza kasi ya kumwaga, urudie. Ukimaliza nawa mikono vizuri, kwani risasi nayo ni sumu.