Klabu ya taekwondo ya ghorofani, Tudor: nyota tatu kutoka kwa mwanafunzi aliyepata mimba akiwa mkanda mwekundu

Kwa ufundi, sijaona Mombasa darasa la taekwondo linaloizidi klabu hii. Kwa namna inavyomtendea mwanafunzi mwenye mimba, bado ina kazi kubwa, na hilo nitalieleza kwa urefu kwa sababu tuko wengi tunaoolewa, tunaozaa, na bado tunaupenda mkanda wetu. Mimi nilianzia hapa na mkanda mweupe, nikafika mwekundu, nikashika mimba, nikazaa, nikarudi. Mume wangu naye anasoma hapa hapa. Ya mkekani nimeyaona, na ya nyumbani nimeyaona.

Nianze na mazuri. Sabumnim, ndivyo tunavyomwita mwalimu wetu mkuu, ni mwalimu kwelikweli. Hakupi Taegeuk Sa Jang, poomsae ya nne (poomsae ni mpangilio wa hatua na mapigo), kabla Sam Jang, ya tatu, haijakukaa mwilini, hata kama ada ya mtihani umeshalipa. Anasimama nyuma yako akikutazama kisigino cha mguu uliobaki chini, maana teke la dollyo, lile la kuzungusha kutoka pembeni, likiharibika huharibikia pale: kisigino hakikugeuka, nyonga haikufunguka, goti ndilo litakaloumia. Watoto wanafundishwa kuinama wakiingia na wakitoka. Safu inapangwa kwa mkanda. Mtoto wa miaka kumi na tatu mwenye mkanda mwekundu anasimama mbele ya baba wa watu mwenye mkanda wa kijani, na baba huyo anamwinamia bila kinyongo. Ukutani kuna picha ya Faith Ogallo, aliyeiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Tokyo, na nimewaona mabinti wapya wakiisimamia kuitazama. Ada ni shilingi 3,500 kwa mwezi, mtihani unalipiwa mbali. Hogu (kinga ya kifua na tumbo) na kofia za kinga unaazima bure, ila hogu za klabu zinanuka jasho la miaka. Ukiweza nunua yako.

Chumba kiko ghorofa ya pili na ngazi ni nyembamba. Choo kiko chini kabisa. Feni ni mbili tu, na kaskazi ikivuma, Januari mpaka Machi, mle ndani panatokota. Kijana hayaoni haya. Mwenye mimba anapanda ngazi zile akiwa na kibofu kinachomwita kila baada ya dakika chache, kisha anaingia kwenye joto ambalo yeye hasa anatakiwa ajilinde nalo. Mwenye klabu akisoma hapa, feni ya tatu si gharama kubwa.

Sasa nije kwenye lililoniandikisha.

Taekwondo ya mashindano inalenga kiwiliwili na kichwa. Teke la kiwiliwili lina pointi 2, la kichwa 3, na kila zoezi la kyorugi, yaani kupigana wawili wawili, ni kumzoeza mwenzako akufikie tumboni kabla hujamfikia. Na sisi huku mimba changa haitangazwi. Unamwambia mume, pengine mama yako, basi. Wengine wote wasubiri mpaka tumbo liseme lenyewe. Kwa hiyo katika wiki zile ambazo unahitaji sana kuondolewa kwenye kyorugi, ndizo wiki ambazo hutaki mtu ajue kwa nini. Klabu haijaliwazia hili hata kidogo. Fomu ya kujiunga inauliza jina, umri, simu na kazi. Haiulizi pumu, haiulizi presha, haiulizi mimba, na haikuambii ukiwa na jambo la siri umwendee nani.

Mimi nilimwendea mwalimu msaidizi. Ni mwanamke wa dan ya pili (daraja la pili la mkanda mweusi) na mama wa watoto wawili. Nilimnong'oneza wakati tunakunja mikeka, akanijibu papo hapo, "Hogu usivae tena. Ukipangwa kupigana, nitakuita uwashikie watoto padi za kupigia mateke." Akaifunga siri ile vizuri kabisa. Darasa zima lilidhani nina goti.

Ilifichuka siku Sabumnim alipoanza kututayarisha kwa mtihani wa mkanda mweusi. Mtihani ule una poomsae, una kyorugi, una kuvunja mbao. Akanipanga na kijana mmoja mrefu, mwenye naeryeo chagi inayoshuka juu ya mtu kwa uzito wote wa mguu. Mwalimu msaidizi akasema hapana, mbele ya watu wote. Sabumnim akamtazama yeye, akanitazama mimi, akaelewa. Hakuniuliza neno. Kesho yake akampigia simu mume wangu: mkeo apumzike mpaka azae, akirudi tutaona.

Maneno yale niliyapata nyumbani, mezani, kutoka kinywani mwa mume wangu.

Nataka Sabumnim alisome hili kwa utulivu, maana namheshimu. Mwanafunzi ni mimi. Ada naitoa kwenye mshahara wangu. Mkanda wangu uko juu ya mkanda wa mume wangu, na kwenye safu yeye husimama nyuma yangu. Miaka yote ndani ya dojang, ukumbi wetu wa mazoezi, tulifuata mkanda. Mwili wangu ulipobadilika, ghafla nikawa mke wa mtu, na habari zangu zikapelekwa kwa mwenyewe.

Mume wangu hakunizuia, na hakunitetea. Alisema, "Sabumnim anajua." Basi akawa anakwenda peke yake. Jumanne na Alhamisi anatoka na begi, anarudi dobok, sare ya mazoezi, imelowa chapa, anaianika uani, na mimi naipita nikienda jikoni. Mavyaa wangu naye alikuwa na lake: "Mimba na mateke havikai nyumba moja, mwanangu." Kila mtu alinipenda na kila mtu alinikalisha. Mume wangu alipopata mkanda wa bluu nilimpongeza kwa moyo mweupe, kisha nikaingia chumbani nikalia. Aliyenisikia ni yeye. Usiku ule tulizungumza mpaka adhana ya alfajiri, na asubuhi akamwandikia Sabumnim: mambo ya mke wangu, tafadhali mzungumzishe mwenyewe. Naliandika hili kwa ajili ya wanaume wanaosoma na wake zao klabu moja. Kumlinda mkeo kunaweza kuwa ujumbe mfupi kama ule.

Kliniki, muuguzi aliniuliza maswali mawili: kuna kupigwa? Kuna kuanguka? Nikamwambia vyote viwili vipo, lakini vinaweza kuondolewa, na mengi yatabaki. Akasema basi hayo yaliyobaki fanya, kwa kiasi ambacho unaweza kuzungumza huku unafanya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamshauri mjamzito asiye na tatizo la kitabibu apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, aepuke michezo ya kugongana na ya kuanguka, na baada ya miezi mitatu ya kwanza asifanye mazoezi akilala chali. Muuguzi aliniandikia pia dalili za kusimamisha kila kitu na kwenda hospitali: damu, maji kuvuja, kizunguzungu, maumivu ya kifua, shavu la mguu kuvimba na kuuma, uchungu unaokuja kwa mpangilio. Karatasi ile niliitoa nakala nikampa mwalimu msaidizi. Aliibandika ndani ya mlango wa kabati lake.

Na hapa ndipo nyota zangu tatu zinapotoka, kwa sababu alichokifanya mwanamke yule ni ufundishaji wa daraja ya juu. Sabumnim alikubali nirudi Jumamosi asubuhi, kwa darasa la watoto, na dada yule akaichambua taekwondo yote upya kwa ajili ya mwili mmoja. Mateke yote yakashuka kiunoni, mkono mmoja ukutani, maana tumbo likikua uzito unasogea mbele na mguu mmoja hautoshi tena kukubeba kwa uhakika. Kunyoosha msamba akakupunguza, hata siku nilizojisikia mlaini kuliko kawaida. Alinieleza kuwa mimba inalegeza kano, na ulaini ule unaweza kukuumiza bila kuusikia. Mazoezi ya tumbo ya chali yakafutwa. Kuruka kukafutwa. Oh Jang, poomsae ya tano, inamalizikia kwa kuchupa mbele na kutua miguu imepishana. Akanipa hatua ya kawaida badala yake. Kwenye Pal Jang, ya nane, kuna teke la kuruka. Tukalipita kwa ap chagi, teke la mbele, ya chini. Kihap, ule ukelele wa kila pigo, akaniachia yote. "Pumzi usiibane," alikuwa akiniambia, "itoe na sauti."

Kwa miezi ile nilijifunza mikono. Mwenye mateke mazuri huwa anaidharau mikono, na mimi miguu ndiyo iliyonipandisha mikanda. Sasa siku nyingi nilikuwa na Il Jang tu, poomsae ya kwanza, polepole, hatua za kutembea, nikisikiliza arae makki, kizuizi cha chini, inaanzia wapi begani na inaishia wapi juu ya paja. Sabumnim alipita siku moja akasimama kutazama, akasema, "Sasa ndiyo unazuia." Sifa ile bado ninayo.

Watoto walilipokea jambo kuliko wakubwa. Waliniuliza kama mtoto anasikia kihap. Mwalimu msaidizi akawasimulia habari za Wu Jingyu wa China, aliyechukua dhahabu Beijing 2008 na London 2012, akazaa baada ya Rio, kisha akarudi kwenye Olimpiki ya Tokyo akiwa na miaka 34. Binti mmoja akauliza, "Na mtoto alimwachia nani?" Swali la maana kuliko mengi niliyoulizwa na watu wazima.

Mwenzangu wa mazoezi, niliyefungana naye hogu tangu mkanda wa njano, alinikimbia. Sina neno zuri zaidi la kulieleza. Aliogopa kunigusa, hata kunishika mkono wakati wa kunyoosha misuli, na mwisho akawa anajipanga upande wa pili wa chumba. Iliniuma kuliko simu ya Sabumnim. Lakini hakuna aliyesimama mbele ya darasa akasema: mjamzito anaweza kushikiwa padi, anaweza kusimama nawe kwenye poomsae, usimpige tu na usimwangushe. Dakika moja ya maneno ingetosha, na mwenye kuyasema ni mwenye klabu.

Kurudi baada ya kuzaa ni habari nyingine. Klabu ina kanuni kwamba ukikaa nje zaidi ya miezi sita, unafanya tena mtihani wa mkanda wako wa mwisho kabla ya kuendelea. Kwa mtu aliyeacha kwa uvivu naielewa. Kwa aliyezaa si haki, na kwa mimi niliyekuwa nakuja kila Jumamosi, miezi niliyokuwa kwenye darasa la watoto nayo ilihesabiwa kuwa niko nje. Nilikwenda kwa Sabumnim mwenyewe, nikaketi, nikamweleza yote, na ile simu pia. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nilidhani ndiyo heshima, kuzungumza na mumeo kwanza." Akaifuta kanuni kwa upande wangu na akaniomba radhi kwa ile simu. Alisema vizuri, kama mtu mzima. Lakini kanuni bado imebandikwa pale ukutani, neno kwa neno, na mwanamke atakayekuja nyuma yangu ataikuta.

Zaidi ya hilo, kupasha mwili moto hapa ni kuruka: kuruka kwa kufungua miguu na mikono, kuruka kwa magoti kifuani. Mwanamke aliyezaa juzi akiruka hivyo mkojo unaweza kumtoka, na wengi huacha mazoezi kwa aibu ya jambo hilo moja bila kumwambia mtu. Misuli inayobeba kibofu na mji wa mimba imenyooka na inataka kufundishwa upya. Misuli ya mbele ya tumbo nayo huenda imeachana katikati. Ulizeni kliniki kabla ya kurudi, mpimwe. Mwalimu msaidizi alinianzishia pumzi na kukaza misuli ya chini, kisha misimamo, kisha mateke ya chini, na kuruka kukaja mwisho kabisa. Darasa la jioni la Sabumnim halina mpango huo. Hogu inabana kifua kinachonyonyesha, kwa hiyo nyonyesha kabla hujapanda ngazi.

Kuna jema jingine: mtoto anaruhusiwa. Mavyaa wangu sasa huja nami Jumamosi, anakaa kwenye benchi la ukutani na mjukuu wake mapajani, na hakuna aliyewahi kutukunjia uso. Juzi kanionya kwamba mguu wangu wa kushoto haupandi kama wa kulia, na ni kweli.

Anayetaka kujiunga akiwa mjamzito, au mwenye nia: njoo Jumamosi saa tatu asubuhi, usianze na darasa la jioni. Muulizie mwalimu msaidizi, uzungumze naye peke yake kabla ya kujaza fomu, na umpe karatasi ya kliniki. Kyorugi usikubali hata ya mchezo. Kwa mwenye klabu ninaomba matatu: swali la afya kwenye fomu, kanuni ya miezi sita iandikwe upya ikiwataja waliozaa, na dada yule alipwe kwa darasa hili ambalo mpaka leo analifundisha kwa hisani yake. Mtihani wangu wa dan umepangwa mwezi ujao, pamoja na kyorugi. Mume wangu ndiye anayenishikia padi.