Sindano za Kichina kwa mshipa wa jicho uliopooza: yaliyonikuta mimi

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 56, na sukari ninayo tangu 2013. Kila nikikaa na wenzangu swali ni lile lile: "Zile sindano za Wachina zilikuponya kweli?" Nazo ni akupancha, sindano kavu zisizo na dawa ndani. Jibu langu ni refu kidogo.

Ilianza mwaka jana mwezi wa pili, asubuhi, nikiwa napinda sketi ya shule. Nikaona mishono miwili, mmoja juu ya mwenzake, na ule wa chini umelala upande kama umeshonwa na mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Nikafuta miwani. Bado miwili. Nikainua macho nikatazama ukutani, kalenda ni moja. Nikishusha macho, viwili tena. Ngazi ndiyo ilikuwa balaa: kila kidato kina pacha wake, hujui ukanyage kipi. Bila kufikiri nikawa nalaza kichwa bega la kushoto, maana hapo vitu vinarudi kimoja. Wateja wakawa wananipa pole ya shingo.

Kesho yake nikaenda hospitali. Daktari wa macho alinifunika jicho moja, nikaona kimoja. Akafunika la pili, kimoja vile vile. Akamulika mboni, akatazama kope, akanifuatisha kalamu yake. Kipimo cha CT cha kichwa kikaja safi. Sukari kabla ya kula: 13.8. Akasema mshipa wa fahamu wa nne, wa jicho la kulia, umepooza, na inaelekea ni kile kijimshipa cha damu kinachoulisha ndicho kilichoziba kwa ajili ya sukari. Alinieleza vizuri. Jicho linaendeshwa na mishipa ya fahamu mitatu, wa tatu, wa nne na wa sita, na huu wa nne ndio mwembamba zaidi. Unaamrisha msuli mmoja tu, ambao unapita kwenye kitanzi kidogo karibu na pua, juu ya kona ya jicho, ndipo unageuka kulishika jicho. Nikamwambia, daktari, huo si uzi unaopita kwenye kindoano cha cherehani kabla ya kushuka kwenye sindano? Akacheka, akasema ni hivyo hivyo.

Dawa? Shusha sukari, angalia presha, ziba kioo kimoja cha miwani, subiri. Wengi wa aina yangu hupona wenyewe ndani ya miezi mitatu hivi. Akanionya: kope ikianguka, mboni moja ikawa kubwa kuliko mwenzake, au kichwa kikaniuma ghafla kwa nguvu, nirudi saa hiyo hiyo hata iwe usiku wa manane, maana huenda ni mshipa wa damu umevimba kichwani.

Subiri! Mwambie hivyo mtu mwenye oda ya sare 40. Shangazi yangu wa Unguja ndiye aliyenitia moto. Yeye Wachina anawaamini tangu udogo. Timu yao ya kwanza ya madaktari ilifika Zanzibar 1964, mwaka wa Mapinduzi, na kwake neno la daktari wa Kichina halina rufaa. Wiki ya tatu nikaenda.

Ni kliniki binafsi hapa Dar, sitaitaja. Iko ghorofa ya pili na lifti hakuna, kwa mgonjwa anayeona vidato viwili viwili. Mara moja ni 40,000. Ukilipia kumi kwa mpigo ni 350,000. Nikalipa kumi.

Sindano mimi nazijua. Ya cherehani namba 14 ina unene wa milimita 0.9, ya kushonea hariri, namba 9, ni 0.65. Za kwao paketi imeandikwa 0.25, zinanesa kama unywele mgumu. Zilifunguliwa mbele ya macho yangu, zikaishia kwenye boksi la taka baada ya kutumika. Hapo nawapa haki yao. Mtabibu wao alichoma mwanzo wa nyusi, pembeni ya jicho, mbili nyuma ya shingo chini ya fuvu, moja kati ya kidole gumba na cha shahada, moja chini ya goti. Maumivu hakuna ya kusema. Kinachokuja ni uzito, kama mkono uliolaliwa, halafu usingizi. Nusu saa nimelala, hakuna simu, hakuna mteja. Nilikuwa sijapumzika hivyo tangu binti yangu wa mwisho aanze shule.

Mara ya tatu akachoma kona ya ndani ya jicho, pale machozi yanapotokea. Nikafika nyumbani jicho limevilia damu, jeusi kama bilinganya. Nikauliza kesho yake nikajibiwa ni damu mbaya inatoka. Damu mbaya! Nameza aspirini ndogo kila siku, ile inayofanya damu isigande upesi, na hakuna aliyeniuliza natumia dawa gani. Mume wangu wiki nzima alikuwa anasalimiwa kwa mashaka mtaani, maskini, mtu asiyeua hata nzi. Daktari wangu wa macho aliponiona alikasirika, akasema pale ndani sindano ikikosea inaweza kutoboa jicho lenyewe. Nikawakataza kona ile, wakakubali bila ubishi. Vidonge vya mitishamba vya 90,000, vyenye maandishi ya Kichina matupu, nikakataa pia.

Baada ya mara ya sita, wiki ya sita tangu niugue, nikatunga uzi kwenye sindano kwa macho mawili. Nikalia pale pale kwenye kiti. Baada ya mara ya tisa kilibaki kivuli kidogo tu nikishuka ngazi, nacho kikaisha wiki ya kumi na moja, sindano nimeshaacha.

Sasa hesabu yangu. Daktari alisema miezi mitatu. Nimepona ndani ya miezi mitatu. Katika muda huo sukari ya asubuhi ilishuka hadi 7, kwa sababu niliogopa nikaacha soda na kumeza dawa kwa saa. Binti yangu, ambaye ni nesi, alinitafutia tafiti za China kuhusu jambo hili: nyingi ni za wagonjwa wachache, na nyingine zimechanganya sindano na dawa. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni sindano. Wala siwezi kusema nilijuta: usingizi nilipata, na kungoja kukawa kwepesi. Nyota tatu kati ya tano. Moja imeondolewa na bilinganya, ya pili na maneno ya damu mbaya. Na kama ningeanzia kwao bila kupimwa kichwa, nisingewapa hata moja.

Ile mara ya kumi waligoma kunirudishia pesa, nikampeleka mume wangu na goti lake. Alikoroma hadi nesi akafunga mlango. Anasema goti limepoa kabisa. Jioni ile ile nilimchua na dawa ya kuchua, lakini hiyo haihesabu.